Shangazi, vita vya Gaza vimeingia mpaka jikoni kwetu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi mtu wa Tanga, nasoma masta Marekani, navaa hijabu. Rumeti wangu Myahudi, tulikuwa tunapika pamoja, siku hizi kila mtu na sufuria yake, halafu Waislamu wenzangu nao wananisema eti kwa nini bado nakaa naye. Nihame?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame kwanza. Hayo yamevikumba vyuo vingi huko, chuo cha Columbia tu, Aprili 2024 wanafunzi walipiga mahema uwanjani kupinga vita vya Gaza, polisi wakaitwa, wakakamatwa zaidi ya 100 siku moja, na Agosti rais wa chuo akaachia ngazi. Wenye hijabu wanaogopa, wenye vile vikofia vya Kiyahudi nao wanaogopa. Na sisi msiba huo ulitufikia, vijana wetu wawili walioenda Israel kujifunza kilimo waliuawa Oktoba 7, 2023, siku Hamas waliposhambulia Israel na kuteka watu. Sasa rumeti wako hajarusha bomu na we hujateka mtu, pika wali wa nazi umuite, muulize kwao wanaendeleaje, usianze na siasa. Wanaokusema waambie kodi mnalipa nyie wawili. Ila ukitaka kwenda kwenye maandamano ya Gaza, mh, 2025 wageni kibao walifutiwa viza, ongea kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.