Swali la lugha: Bia kali au bia chungu? Na kimea na hopsi "zinabalansiwaje" kwa Kiswahili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Oregon huku Marekani, napika bia nyumbani, hasa aina inayoitwa pale ale, na washkaji wa Dar na Nairobi wananiomba resipe kwa Kiswahili. Nimeandika hivi: "Ili kusawazisha molti na hopsi, weka hopsi mapema ili bia iwe kali, ukiona imekuwa kali sana ongeza molti." Rafiki yangu anasema sio kali ni chungu, mi naona uchungu ni maumivu. Halafu molti ina jina la Kiswahili au niiache hivyohivyo? Na hamira na chachu ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo mlilobishania maana ndo linaloweza kumharibia mtu bia yake. Rafiki yako yuko sahihi. Bia kali kwa Mswahili yeyote ni bia yenye kilevi kingi, inayopanda kichwani upesi, ndo maana gongo na wiski tunaziita pombe kali. Mtu akisoma "weka hopsi mapema ili bia iwe kali" ataelewa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu na harufu, ndo zinaleta kilevi, wakati kilevi kinatokana na sukari ya kimea, hiyo molti yako, inayoliwa na chachu, hopsi hazichangii kitu hapo. Na sehemu ya pili ya sentensi ndo mbaya zaidi, kwa sababu ukiongeza kimea unaongeza sukari na ukiongeza sukari unaongeza kilevi, yaani unamwambia msomaji apunguze ukali kwa kuuzidisha.

Kuhusu uchungu kuwa maumivu, ni kweli, tuna uchungu wa kuzaa na uchungu wa kufiwa, ila hilohilo neno ndo la ulimini tangu zamani: mwarobaini ni mchungu, shubiri ni chungu, na pwani ukimsikia muuza kahawa anapita na dele lake anauza kahawa chungu hakuna anayemuuliza inauma wapi. Ukishataja kinywaji msomaji anajua unaongelea ulimi. Angalia tu upatanisho usiteleze: bia chungu, hopsi chungu, maji machungu, mmea mchungu, kimea kichungu.

Na kwa vile unaandika resipe, tenganisha pia uchungu na ndugu zake wawili ambao watu wanauchanganya nao. Uchachu ni wa limau au maziwa yaliyoganda, watu wengine wanauita ugwadu wakiongelea ukwaju na maembe mabichi. Ukakasi ni ule unaokaba ulimi ukila ndizi mbichi au bibo. Pale ale nzuri ina uchungu, haitakiwi iwe na uchachu, na ukiona ina ukakasi ujue labda ulisuuza kimea kwa maji ya moto kupita kiasi ukakamua maganda, hapo kupunguza hopsi hakutakusaidia kitu. Kwa hiyo mtu akikuandikia "bia yangu ina ladha mbaya ya ukali" muulize kwanza ni ukali wa kilevi, uchungu, uchachu au ukakasi, maana kila kimoja kina dawa yake.

Molti: iite kimea. Neno lipo, linatoka kwenye kumea, ni nafaka iliyolowekwa ikaota halafu ikakaushwa, na bibi zetu wamekuwa wakikitengeneza kwa ulezi na mtama kabla hatujaona bia ya chupa (sehemu nyingine utasikia kimera, ni lilelile). Ila usiseme shayiri ukimaanisha kimea kama watu wengi wanavyoandika, shayiri ni nafaka yenyewe, mtu atanunua mbichi dukani akaichemsha ashangae haitoi utamu. Sema kimea cha shayiri, na ukitumia aina mbili sema vimea viwili. Hopsi hazina jina letu, hazioti kwetu kiasili, acha tu hopsi, na zipeleke ngeli ya soksi na chipsi, hopsi hii, hopsi hizi, zimechemka, zimeongezwa. Jina pale ale nalo liache. Nimewahi kuona mahali imeandikwa "bia iliyopauka", jamani, kupauka ni kwa miguu isiyopakwa mafuta na kanga ya zamani! Kule Uingereza jina lilikuja kwa sababu kimea chake kilikuwa cheupe kuliko vile vya kahawia vilivyokuwa vimezoeleka, kwa hiyo ukitaka kuelezea rangi sema kimea cheupe au cha rangi nyepesi inatosha kabisa.

Sasa kusawazisha. Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana wengi wanaokota neno la kwanza wanaloliona kwenye kamusi. Kusawazisha kwetu ni kufanya vitu viwe sawasawa, timu ikiwa nyuma bao moja ikasawazisha ni moja kwa moja. Lakini pale ale haitaki sare! Inataka uchungu utangulie kidogo na utamu wa kimea uubebe kwa nyuma. Wapishi wa bia wana hesabu yao: uchungu unapimwa kwa IBU, ambayo kwa makadirio 1 ni miligramu 1 ya asidi za hopsi zilizogeuka kwa kuchemka ndani ya lita 1 ya bia, na uzito wa maji ya kimea kabla ya chachu, ukilinganishwa na maji matupu ambayo ni 1.000, unaandikwa mfano 1.050, ambapo wanachukua ile 50. Pale ale ya Kimarekani inakaa kwenye IBU 30 hadi 50 na uzito wa 1.045 hadi 1.060. Ukiwa na IBU 40 ukazigawa kwa ile 50 unapata 0.8, uchungu uko mbele vizuri. IBU hizohizo 40 kwenye 1.060 zinashuka mpaka 0.67 na ulimi utakwambia bia imekuwa tamu wakati hopsi hukuzigusa. Kitu kama hicho Kiswahili tunakiita uwiano, na kitendo chake ni kuwianisha. "Kuwianisha uchungu na utamu", hapo umesema jambo lenyewe. Kubalansi kwenye maongezi sina ugomvi nalo, lishakuwa letu, ila kwenye resipe halimwambii mtu nani azidi nani.

Lakini uwiano ni wa kwenye karatasi. Ukishaonja, achana na maneno ya hesabu utumie ya jikoni, tunayo mengi na ni sahihi mno. Hopsi zimekolea, maana yake zimefika pale zinapotakiwa, kama chumvi kwenye mchuzi. Hopsi zimezidi. Utamu umefunika. Bia chapwa, yaani haina uchungu wala utamu wa kushika. Mtu aliyezoea mbege anaelewa hapohapo maana kule Kilimanjaro ni mambo yaleyale, ndizi na kimea cha ulezi vinaleta utamu, magome ya msesewe yanaleta uchungu, na anayepika anajua msesewe ukizidi mbege hainyweki na ukipungua inabaki kuwa uji mtamu. Kwa hiyo usidhani unawaletea washkaji wako jambo geni linalohitaji istilahi mpya.

Kingine kwenye sentensi yako, "mapema" haitoshi. Hopsi zinazochemka dakika 60 ndo zinatoa uchungu, za dakika za mwisho zinatoa zaidi harufu, na hiyo tofauti lazima msomaji aione. Neno epua tunalo, litumie. Na ukitumia Cascade, aina ya hopsi ambayo ni ya hukohuko kwenu Oregon na ndo iko kwenye Sierra Nevada Pale Ale ya Chico, California, iliyoanza kupikwa mwaka 1980, usiandike "harufu ya matunda ya jamii ya machungwa", sema harufu ya balungi, mtu wa pwani ataisikia puani palepale.

Mimi ningeiandika hivi, vipimo nimekadiria kwa lita 20 na Cascade yenye asidi za uchungu kama asilimia 5.5:

"Kimea cheupe cha shayiri kilo 4.1, kimea cha karameli gramu 400. Maji ya kimea yakishachemka tia hopsi gramu 45, zichemke dakika 60, hizi ndo za uchungu. Zikibaki dakika 15 tia gramu 30, zikibaki dakika 5 tia gramu 30 nyingine, hizi ni za ladha na harufu, kisha epua upoze haraka. Ukionja bia ukakuta uchungu umezidi, safari nyingine punguza hopsi za dakika 60, za mwisho usiziguse. Ukikuta utamu umefunika, punguza karameli kwanza kabla hujaongeza hopsi."

Hapo uzito unatoka kama 1.050 na IBU kama 40. Na angalia, neno kali halijatokea hata mara moja wala halijahitajika.

Hamira na chachu: kwa asili ni kitu kimoja, hamira imekuja na Kiarabu, chachu ni ya kwetu. Ila matumizi yameshaachana. Mtu wa Temeke ukimwambia atie hamira atafungua pakiti ya maandazi, itaumua kweli lakini ladha ya pale ale asahau. Andika chachu ya bia. Na usije ukaandika "subiri mpaka ichache", kilichochacha ni wali wa juzi uliosahaulika kwenye sufuria. Povu likianza kupanda sema inachachuka, na povu likishatulia na utamu wa mwanzo umeisha, sema pombe imeiva, hivyo ndivyo wapishi wenyewe wa pombe za kienyeji wanavyosema.