Ninachokusanya ni watu waliosimama uwanjani

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Unakusanya kitu gani ambacho wengine wanakiona takataka, na kwa nini hukitupi?"

Ninakusanya rekodi za chini kwa chini za matamasha ya Queen, bendi ya rock ya Uingereza, hasa yale makubwa ya viwanjani. Ni zile ambazo shabiki aliingia na kinasa sauti ndani ya koti, akarekodi akiwa amebanwa katikati ya umati, bila ruhusa ya mtu. Ninazo mia moja na kitu, nyingi za mwaka 1986. Zimelala kwenye ndoo mbili zenye mfuniko chini ya kitanda changu hapa Katuba, Lubumbashi, maana masika yetu yakiingia Novemba, kaseti iliyoachwa wazi huota ukungu.

Ya kwanza aliniletea mjomba, dereva wa lori la njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Aliipata Kitwe, upande wa Zambia, kwa muuza kaseti wa sokoni. Juu yake pameandikwa kwa kalamu neno moja tu: Knebworth. Nikaiweka kwenye redio ya nyumbani. Muziki ulikuwa unatoka mbali, kama ngoma ya matanga ya mtaa wa tatu, na upepo ukipiga kwenye maikrofoni. Lakini karibu kabisa na sikio langu kulikuwa na watu. Mwanamume anakohoa. Mwanamke anaimba, sauti imempotea kabisa, na haachi. Mdogo wangu akasogea, akauliza: "Yaya, bale bantu banaimba ao banalia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kujua baadaye kwamba ile ilikuwa tarehe 9 Agosti 1986, kwenye malisho ya jumba la Knebworth, Uingereza, mbele ya watu zaidi ya laki moja, na kwamba ndiyo mara ya mwisho mwimbaji wao, Freddie Mercury, kupanda jukwaani na Queen kwa tamasha zima. Alifariki Novemba 1991. Yule mwanamke hajui. Anaimba akiamini kuna mwaka ujao. Mimi ninayemsikiliza ninajua, na kila nikifika pale shingo inanikaza.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue albamu rasmi, iliyo safi. Ninazo, na ninazipenda. Lakini Desemba ya mwaka ule ule ilitoka albamu ya ziara yao ya mwaka huo, Live Magic, na ndani yake nyimbo kadhaa zimekatwa ili zienee kwenye santuri. Wimbo wao Bohemian Rhapsody umeondolewa ile sehemu ya katikati ya sauti nyingi. Mtu aliyeikata huenda alikuwa na sababu yake: jukwaani sehemu ile haikuimbwa na bendi. Iliweza kuimbwa studio tu, kwa sauti zilizopandishwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo kwenye tamasha walitoka jukwaani, taa zikacheza, na kanda ikapigwa. Labda kwa mhandisi wa albamu, hapo hapakuwa na kitu. Kwangu mimi hapo ndipo pana kila kitu! Jukwaa ni tupu, na uwanja mzima unaimba peke yake. Kwenye rekodi ya shabiki dakika ile ipo, nzima, na ukiisikiliza utajua tamasha lilikuwa la nani.

Sisi Waswahili tuna sababu yetu ya ziada. Freddie alizaliwa Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka kisiwani mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Tarehe 27 Julai 1986, kwenye uwanja mkubwa wa Budapest, aliimba wimbo wa jadi wa Wahungari kwa lugha yao, maneno ameyaandika kiganjani. Sisikii chochote cha lugha ile, lakini nasikia watu wanavyoshtuka, kisha wanavyomdaka na kuimba naye. Huwa najiuliza uwanja wetu hapa ungefanya nini kama angefungua kiganja na kuanza kwa Kiswahili.

Kazi yenyewe ina taabu zake. Kaseti ya dakika 90 ni dakika 45 kila upande, kwa hiyo shabiki aliyerekodi ilimbidi aigeuze gizani, na daima kuna wimbo mmoja uliokatika shingo. Halafu kuna vizazi: nakala ya nakala ya nakala, kila mara mvumo unaongezeka na ngoma zinafifia. Nikipokea kaseti, kwanza ninachukua bisibisi ndogo na kurekebisha kichwa cha mashine mpaka sauti nyembamba zirudi, kisha ninaihamishia kwenye kompyuta katika faili lisilobanwa, kabla umeme haujakatika.

Mwaka juzi redio iliingiwa na uroho, ikaivuta kaseti yangu ya Knebworth, ile ya mjomba. Nilifungua kwa uangalifu, nikauchomoa utepe uliokunjamana kama kisamvu kilichopondwa. Ilibidi nikate kipande chenye urefu wa kidole, nikaunganisha kwa wembe na selotepu, nikazungusha kwa kalamu ya Bic. Utepe wa kaseti hupita sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo nilipoteza kama sekunde mbili. Ninajua ni zipi. Mwanamke yule anavuta pumzi, halafu anaruka kwenda neno lingine.

Je, ni wizi? Nimelifikiria sana, kwa sababu ninaheshimu kazi ya mwanamuziki. Aliyechapa rekodi hizi kwenye santuri na kuziuza kwa bei ya dhahabu, huyo alikula jasho la wengine, na sitamtetea. Sisi tunaobadilishana tuna sharti moja, hakuna fedha: nipe moja nikupe moja, na atakayekosa ya kubadilisha alete kaseti tupu. Bendi yenyewe miaka ya 2000 ilianza kuuza kwenye tovuti yake baadhi ya rekodi hizi hizi za mashabiki. Walisikia humo kitu ambacho kabati zao hazikuwa nacho.

Bado natafuta nakala ya Knebworth ya kizazi cha karibu zaidi na ya kwanza, iliyonaswa mahali pale pale, ili nizirudishe zile sekunde mbili. Lazima iwe yenye mwanamke yule. Yangu ilipitia Kitwe, kwa hiyo huenda iko Ndola, au Likasi, au kwenye sanduku la mjomba wa mtu mwingine. Anayehisi iko nyumbani kwake aiandikie redaksheni. Nitamnakilia zote nilizonazo. Aje na flashi tu.

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi