Chumba cha Mtu Mkimya Hakina Ukimya

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, nilikuwa na sifa moja tu: "Huyu hana neno." Mgeni akija natoa shikamoo, napokea mfuko wake wa machungwa, napotea. Shangazi mmoja aliita adabu, jirani akaita maringo. Mwalimu wa darasa la nne aliandika kwenye ripoti kwamba nina akili ila sichangamki, na mama akaisoma ripoti ile mara mbili kama mtu aliyepewa majibu ya damu.

Hakuna aliyewahi kuuliza nikishapotea naenda kufanya nini. Nilikuwa naenda kusikiliza. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, zile za korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, jiko na choo uani. Changu kilikuwa cha mwisho mkono wa kushoto, na mchana mlango unaachwa wazi, pazia limeshushwa. Ukilala pale unasikia kata ikigonga ukingo wa ndoo. Unasikia mpangaji wa mbele akitafuta stesheni kwenye redio. Mtu akipita koridoni nilikuwa namjua kwa jinsi anavyoburuza ndara, na kwa mburuzo huohuo nilijua kama siku hiyo amekasirika.

Nayasema haya kwa sababu ushauri wangu wote unatoka kwenye lile pazia. Kama na wewe ni mkimya, na umewahi kutamani watu wakione kilichomo ndani yako bila wewe kusimama mbele yao na kukieleza, jenga chumba. Iko sanaa ya kutundikwa ukutani, mtu anaitazama akiwa amekunja mikono. Na iko sanaa ya kuingia: mtazamaji anaingia ndani ya kazi yenyewe, inamzunguka, ana mwanga wake, sauti yake, harufu yake. Kwa mtu wa aina yetu hii ya pili inafaa sana, maana kazi inaongea yenyewe, hata wewe ukiwa haupo.

Ila nilianza vibaya. Mimi ni mhasibu kwa kazi, sanaa nilijifunza jioni na wikendi, na nilipoalikwa kuweka kazi kwenye maonyesho ya pamoja katika ukumbi mmoja hapa Dar, nilifanya kosa ambalo nadhani kila mkimya atalifanya mara ya kwanza. Nilitaka kuonyesha hisia. Nikatundika vipande vya kanga kumi na kitu kutoka darini, nikaweka vioo, taa za bluu, na maandishi ukutani yanayoeleza upweke. Upweke wenyewe sikuwa nao, lakini nilidhani ndicho watu wanachotarajia kutoka kwa mtu kimya. Wakaingia watu ishirini kwa pamoja. Walipiga selfi, wakaulizana wataenda kula wapi. Katikati ya hayo, spika yangu ndogo ya bluetooth ikapoteza mawasiliano na simu, ikayarudisha, na ikatangaza kwa Kiingereza cha sauti kubwa kwamba imeunganishwa kwa mafanikio. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni, na hata huko nilisikia.

Kilichonitoa kwenye kosa hilo ni kazi ya Janet Cardiff, msanii wa Kanada, aliyoitengeneza mwaka 2001. Sijawahi kusimama ndani yake. Nimeisoma na kutazama vipande vya video. Amechukua wimbo wa kanisa wa karne ya 16 ulioandikwa kwa sauti 40, akarekodi kila sauti kwa maikrofoni yake, akapanga spika 40 kwa umbo la yai, kila spika ina sauti moja. Ukisimama katikati unasikia kwaya nzima. Ukisogeza sikio kwenye spika moja unamsikia mtu mmoja. Yote huchukua kama dakika 14, na karibu dakika tatu kati ya hizo hakuna anayeimba: wanakohoa, wanapiga soga, wanasubiri kuanza.

Zile dakika tatu ndizo zilizonishika. Hakuna aliyeandika ukutani kwamba hawa ni wanadamu. Umewekwa tu mahali ambapo unawasikia. Nikajiambia, basi na mimi nisiwaonyeshe watu moyo wangu, niwaweke pale nilipokuwa nimelala.

Miezi sita baadaye shangazi yangu wa Temeke aliniazima chumba cha uani kilichokuwa stoo. Hiki hapa nilichofanya, na ukipenda kukiiga nitafurahi.

Giza kwanza. Nilinunua kaniki, ni rahisi na nyeusi kuliko pazia lolote, nikaziba dirisha na mianya ya mlango. Ndani nikaweka kitanda cha kamba, na mbele yake pazia la kanga moja tu, ya zamani, iliyofifia. Nyuma ya kanga nikaweka chemli. Usije ukawasha mafuta kwenye chumba chenye vitambaa. Nilitoa utambi nikatia taa ndogo ya betri, na mwanga ukipita kwenye kanga kuukuu unatoa rangi ya chai ya maziwa. Ile kanga ya pazia nayo ina jina lake kama kanga zote, lakini niliitundika upande wa nyuma ili aliyelala asome maandishi yakiwa kinyume. Mimi nilijifunza kusoma hivyo. Na ukifikiri, kanga imekuwa ikiwasemea watu wasiotaka kusema tangu enzi za bibi zetu. Mtu anavaa neno lake, anapita mbele ya nyumba ya anayemhusu, na midomo imefungwa.

Sauti ndiyo iliyonila muda. Nilirekodi kwa simu, nimeifunga kwenye soksi kuzuia upepo. Usirekodi watu bila kuwaambia, hata ndugu zako. Niliomba ruhusa kwa kila mmoja, na waliokataa niliwaacha. Kisha nikagawa. Kata na ndoo kwenye spika moja, redio ya mpangaji kwenye nyingine, ndara kwenye mbili zinazofuatana ili mburuzo upite, mama na dada zake wakipika na kusimuliana kwenye spika iliyokaa mbali kabisa, upande wa pili wa ukuta. Spika zilikuwa sita, zote za bei ya chini, na safari hii sikutumia bluetooth. Nyingi ya spika hizi zina tundu la memori kadi. Unatia faili moja kwenye kila kadi, unaiacha ijirudie. Zikipishana sekunde chache hakuna ubaya, nyumba halisi nayo haina mpangilio. Feni ilikuwa inakwaruza, nikataka kuizima, joto likanishinda. Bahati nzuri, usiku wa Tanga bila feni inayokwaruza usingekuwa usiku wa Tanga.

Kisha mpango wa kuingia. Hapa nilijifunza kwa nyumba za mawe za Lamu. Ukienda pale hupitilizi mpaka kitandani kwa mtu: kuna daka, kibaraza cha mlangoni, kuna kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu, kuna misana, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, na chumba cha nyuma kabisa ndicho kinachoitwa ndani. Kila hatua giza linaongezeka na idadi ya wanaoruhusiwa inapungua. Nikaweka mkeka na birika la kahawa uani, wenye kungoja wakae. Mlangoni viatu na simu vinabaki kwenye kapu. Anaingia mtu mmoja, dakika sita, na mlango haufungwi kwa kitasa, maana wapo wanaoogopa giza na hawatakuambia.

Najua Yayoi Kusama, msanii wa Japani, aliyeanza vyumba vyake vya vioo mwaka 1965 New York, ana foleni ndefu kiasi kwamba jumba moja la Los Angeles liliwapa wageni sekunde 45 tu. Kwake zinatosha, kioo kinakupiga papo hapo. Chumba cha kusikiliza hakiwezi. Dakika ya kwanza mtu husikia moyo wake na tumbo lake tu. Na kwa kuwa nimemtaja: Kusama amekuwa akiishi kwa hiari katika hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo tangu 1977, na watu hupenda kuchanganya habari hiyo na ukimya. Ukimya siyo ugonjwa. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alipoandika mwaka 1921 kuhusu watu ambao nguvu zao huelekea ndani, alikuwa anaeleza tabia. Chumba chako hakihitaji kumwombea mtu huruma.

Mambo mawili zaidi. Tafuta mtu wa maneno akusaidie mlangoni. Mimi nilimweka binamu yangu, ambaye anaweza kuongea na nguzo ya umeme ikamjibu. Alikaribisha, alieleza, alitania wazee, na mimi nilikaa jikoni kwa shangazi nikimenya vitunguu, nikiwa na raha kabisa. Usijilazimishe kutoa hotuba ya ufunguzi kwa sababu wasanii wengine hutoa.

La pili, bakiza kitu. Chini ya kitanda nilisukuma kisanduku cha mbao chenye kufuli. Hakikuwa kwenye mpango, nilihisi tu kwamba nimefungua sana. Karibu kila aliyetoka alimuuliza binamu kuna nini mle. Binamu mwenyewe hajui, na amenisumbua mpaka leo.

Kuhusu fedha sina mengi: spika na kaniki ndizo zilizokula sehemu kubwa, vingine vilikuwa vya kuazima. Ukitaka kuona wengine wanafanyaje hapa Dar, kuna Nafasi Art Space kule Mikocheni, ipo tangu 2008 na ina studio za wasanii. Nenda siku isiyo na tamasha, utaangalia kwa utulivu.

Mama alikuja siku ya mwisho, kutoka Tanga kwa basi la asubuhi. Alikuwa amekubali kurekodiwa akipika bila kuuliza sana ni ya nini. Binamu akamvua viatu, akamwingiza. Kutoka jikoni nilisikia kitanda cha kamba kikilia, maana yake amelala kweli, tofauti na wengi waliokaa ukingoni. Zikapita dakika sita. Akatoka, akanikuta na kisu mkononi, akaniangalia.

"Kumbe ndivyo unavyotusikia," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Na yule anayecheka kwa mbali, ni mimi?"

"Ni wewe."

Akasimama kidogo. Halafu akavua tena viatu, akampita binamu bila kumwomba, akarudi ndani. Alikaa zaidi ya nusu saa. Foleni ililalamika, binamu akaongeza kahawa.