Tundu la mkojo chini ya uume: kwa nini mmoja hupona kwa operesheni moja na mwingine hurudi mara tatu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 14. Alizaliwa tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, na uume ukisimama unapinda kidogo. Tuliambiwa tusimtahiri. Sasa tumepangiwa upasuaji, lakini nimekutana na mama mwenye mtoto wa hali hiyohiyo, amepasuliwa mara tatu na mkojo bado unavujia chini. Kwa nini wengine wanapona mara moja na wengine wanarudia? Nisubiri akue? Na nimuulize nini daktari wetu?

JIBU: Marahaba, mama. Kumwacha bila kumtahiri mmefanya jambo la maana sana. Kwa mtoto huyu govi ndilo kitambaa cha fundi: mara nyingi ngozi yake na tabaka lililo chini yake ndivyo vinavyotumika kutengeneza au kufunika mrija mpya. Likishakatwa, fundi anabaki kutafuta kiraka mahali pengine, hata ndani ya mdomo wa mtoto.

Hali hii huitwa hipospadiasi, na humpata takriban mvulana mmoja kati ya 200 hadi 300 wanaozaliwa. Tumboni, mrija wa mkojo wa mtoto wa kiume huanza kama mfereji ulio wazi, kisha kingo zake hukutana na kufungika kuelekea kwenye ncha. Kazi hiyo hufanyika katika miezi ya mwanzo ya ujauzito. Ikikomea njiani, tundu hubaki pale ilipokomea. Akina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini walikosea wapi. Kwa watoto wengi hakuna sababu moja ya kunyooshewa kidole, na kwa hakika si chakula ulichokula wala ndoo uliyobeba.

Sasa swali lako kubwa. Watoto wawili “wa hali hiyohiyo” mara nyingi hawana hali moja. Tundu linaweza kuwa karibu kabisa na ncha, katikati ya uume, au chini kwenye mfuko wa korodani. Wengi wako kundi la kwanza, na hao wakipasuliwa na mtu mzoefu, wanaorudi kwa tatizo kwa kawaida ni chini ya 10 kati ya 100. Kwa wale ambao tundu liko mbali na uume umepinda sana, zipo taarifa kadhaa zilizochapishwa na hospitali zenye uzoefu mkubwa zinazokiri kwamba zaidi ya nusu walihitaji kurudi chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kumlinganisha mwanao na mtoto wa mwenzio kabla ya kujua matundu yao yalikuwa wapi kutakutisha bure, au kutakupa moyo bure.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi mapema. Mahali tundu linapoonekana siyo lazima pawe mahali tatizo linapoanzia. Ngozi iliyo nyuma ya tundu inaweza kuwa nyembamba kama karatasi, bila nyama ya kuushikilia mrija. Daktari huyajua haya vizuri mtoto akishalala kwa dawa ya usingizi, ngozi ya uume imeshushwa, na uume umejazwa maji ya chumvi ili aone unapinda kiasi gani. Ndiyo maana daktari mkweli atakwambia, “Nadhani nitafanya hivi, lakini nitaamua nikishaona.” Usimwone hana uhakika. Mimi namwogopa zaidi anayeahidi kabla hajafungua.

Njia inayotumika sana kwa matundu ya mbele ni ile aliyoieleza daktari wa upasuaji Warren Snodgrass mwaka 1994. Mfereji ulio wazi huchanjwa katikati kwa urefu ili upanuke, kisha kingo zake hukunjwa kuzunguka mpira mwembamba na kushonwa kuwa mrija. Juu yake huwekwa tabaka la nyama laini lenye damu nzuri, ndipo ngozi ifuate. Tabaka hilo la kati ndilo ninalolihangaikia kuliko ushonaji wenyewe. Mshono wa mrija ukilala moja kwa moja chini ya mshono wa ngozi, mkojo hupata njia ya kutokea kwa urahisi.

Kwa uume uliopinda sana, wengi wetu tunagawa kazi mara mbili: kwanza kunyoosha na kutandika ngozi mpya, kisha baada ya miezi 6 hivi kuikunja iwe mrija. Muulize mwenzio: je, kati ya zile tatu, mbili zilipangwa tangu mwanzo? Operesheni iliyopangwa kuwa ya pili haihesabiwi kama kushindwa.

Kwa upande wenu mzazi na daktari, operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote. Nyama bado ni laini na damu inapita vizuri. Kila anayerudia hukuta kovu, na kovu halinyumbuki wala haliponi kama nyama mpya. Kwa hiyo usione haya kumuuliza daktari wako: kwa mwaka anawafanyia watoto wangapi wa aina hii? Kati yao ni wangapi walirudi, na aliwafuatilia kwa muda gani? Atashika kisu yeye mwenyewe, au atashika mwanafunzi wake, yeye akiwa pembeni? Akijibu kwa kutaja matokeo ya vitabuni tu, rudia swali: ya kwako je?

Kuhusu umri, mwongozo wa madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wa Ulaya unapendekeza kati ya miezi 6 na 18. Mwanao yuko humo. Katika umri huo bado anavaa nepi, kidonda hupona vizuri, na hatabaki na kumbukumbu ya maumivu. Hata hivyo akiwa na kikohozi au homa siku hiyo, wiki chache za kusubiri hazina madhara. Na kama tundu liko karibu kabisa na ncha, uume umenyooka na mkojo unarukia mbele, kutopasua kabisa ni chaguo halali. Mwanao amepinda, kwa hiyo sidhani kama yuko kundi hilo, lakini swali lenyewe liulize.

Hakikisheni pia korodani zote mbili zimeshikwa kwa mkono na daktari. Hipospadiasi ikiambatana na korodani isiyoshikika, vipimo vya kromosomu na homoni vinatakiwa kabla ya kisu.

Baada ya upasuaji, huenda akakaa na mpira wa mkojo kwa siku 5 hadi 14. Huenda akakunja miguu na kulia ghafla kisha akanyamaza: ni kibofu kinachoukataa mpira, na kuna dawa yake. Uume utavimba na kuwa na rangi ya kuvia damu, utakuchukiza kuutazama. Usihukumu matokeo wiki hizo. Rudi haraka kama mpira umeacha kutoa mkojo, damu haikomi hata ukibana, ncha inageuka nyeusi, ana homa, au mpira umetolewa na hawezi kukojoa.

Kuvuja kama kwa mtoto wa mwenzio huitwa fistula, na hapa ndipo nimeona haraka ikiharibu. Mpira wa bustani ukizibwa mbele, maji hutafuta pa kutokea ubavuni. Vivyo hivyo, fistula nyingine hubaki wazi kwa sababu ncha ya mrija imebana, na anayeshona kitundu bila kupima ubanaji huo atakirudia. Husubiriwa angalau miezi 6 kovu lilainike. Mwenzio amrekodi mtoto kwa simu akikojoa, kwa upande, uso usionekane. Mkojo mwembamba kama uzi, unaochukua muda mrefu huku mtoto akijikamua, unamwambia daktari mengi kuliko barua ya rufaa. Video hiyo ibaki kati yenu na daktari tu.

Kuhusu kuzaa, wavulana wengi ambao tundu lilikuwa mbele na korodani zao ni nzima hukua na kupata watoto kama wengine. Kupinda, hata hivyo, kunaweza kurudi anapobalehe na uume kukua haraka. Kwa hiyo usikubali kuambiwa “kwaheri” baada ya ziara ya mwezi mmoja. Aonwe tena akishaacha nepi, apimwe kasi ya mkojo, na aonwe akibalehe, wakati huo ukimwachia nafasi ya kuzungumza na daktari mkiwa nje ya chumba.