Maswali na majibu: arifa za afya ya klaudi, ziseti hivi

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa kitu kimoja: arifa zinazotoka kwa kampuni ya klaudi yenyewe, ile inayokukodisha seva, kukwambia mitambo yao ina tatizo au itafanyiwa matengenezo. Naenda moja moja.

Mtaalamu, mi nina programu inayocheki tovuti yangu kila dakika, ikidondoka napata meseji. Hizi arifa za afya zinaniongezea nini?

Zinakuongezea sababu. Programu yako inajua tovuti haipo hewani, basi, na hapo ndo watu wanapoteza masaa, unakuta mtu anachimbua kodi ya programu yake, anarudisha toleo la jana, anarestati databesi mara tatu, kumbe kilichokufa ni mtambo wa kampuni na yeye chaguo lake ni kuhamia kanda nyingine (eneo lingine lenye seva za kampuni) au kusubiri.

Halafu kuna taarifa za kabla, na mi kwangu hizi ndo dhahabu yenyewe. Chukua AWS, klaudi ya Amazon: wakigundua mashine iliyobeba seva yako ya EC2 (seva zao za kukodi) imechoka wanakutumia taarifa kwamba tarehe fulani seva hiyo itastaafishwa. Kama diski yake ni EBS, yaani inakaa nje ya mashine hiyo, unaizima kabisa na kuiwasha upya muda unaotaka wewe, inaamkia kwenye mashine nyingine, imeisha hiyo. Ila sikiliza hapa, kuriboot hakusaidii, ukiriboot seva inabaki palepale kwenye mashine mbovu. Na kama una data kwenye diski za instance store, zile zilizo ndani ya mashine yenyewe, ihamishe kwanza manake ukizima inapotea. Sasa hiyo taarifa kama imeenda kwenye imeli ambayo hakuna anayeifungua, tarehe itafika na seva itasimama mchana kweupe.

Si naweza tu kufungua ukurasa wao wa hali ya huduma nikiona mambo magumu?

Fungua, lakini usiutegemee peke yake. Ule ni wa watu wote, unaonyesha makubwa, haujui wewe una seva gani na ziko wapi. Na wenyewe unaweza kukwama: tarehe 28 Februari 2017 S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, ilipoanguka kwenye kanda ya us-east-1, kwa karibu masaa mawili walishindwa kubadilisha hali za huduma kwenye dashibodi yao, kwa sababu mfumo wa kuiendesha nao ulikuwa unategemea S3. Na wewe jiulize hilohilo, imeli yako ya kupokea aleti inakaa wapi? Kama iko kwenye seva zilezile unazozilinda, weka na meseji ya simu.

Niko Azure (klaudi ya Microsoft), naona Service Health na Resource Health, ni kitu kimoja?

Hapana, na wengi wanaseti moja wanadhani wamemaliza. Service Health ni habari za huduma na kanda unazotumia: hitilafu, matengenezo yaliyopangwa, ushauri wa afya na ushauri wa usalama. Resource Health inaangalia kifaa chako chenyewe, ile VM (seva pepe) au ile databesi, iko sawa, imepungua nguvu au haipatikani. Unatengeneza aleti kwa kila upande, halafu zote unaziunganisha na action group, ambayo ndo orodha ya nani apigiwe, nani atumiwe meseji, nani imeli. Aleti zenyewe ni bure, meseji na simu ndo zina gharama.

Kwenye Resource Health kuwa makini na filta. Kuna hali inaitwa Unknown, maana yake mfumo haujapata habari za kifaa kwa zaidi ya dakika 10, sio lazima kimekufa, ukiiacha ndani itakusumbua bure. Pia chagua sababu iwe Platform Initiated, la sivyo mwenzako akizima VM kwa makusudi na wewe unaamshwa.

Nimeweka kanuni ya EventBridge (huduma ya AWS ya kupitisha matukio) ipeleke taarifa za AWS Health, yaani arifa zao za afya, kwenye SNS (huduma yao ya kutuma arifa), kimya kabisa mpaka leo. Nimekosea wapi?

Anza na jepesi: ulipojiunga na topiki (mkondo wa arifa ndani ya SNS) kwa imeli ulibofya ile linki ya kuthibitisha? Usipobofya hupati kitu. Pili angalia kanda, kanuni ya EventBridge inaishi kwenye kanda uliyoiwekea, na matukio ya huduma za dunia nzima kama IAM (ya ruhusa za watumiaji) yanatokea us-east-1, kwa hiyo weka na kule hata kama huna seva. Tatu, sera ya topiki iruhusu events.amazonaws.com, ambayo ndo EventBridge, kuchapisha. Nne, hii inawaumiza wengi: topiki ikiwa imesimbwa kwa ufunguo wa kawaida wa AWS wa SNS, EventBridge haiwezi kuutumia, tengeneza ufunguo wako kwenye KMS (huduma ya AWS ya kutunza funguo) na uiruhusu EventBridge humo.

Kujaribu nako kuna ujanja. Huwezi kutuma tukio la uongo lenye source (chanzo) ya aws.health, AWS wanakataa chochote kinachoanza na aws. Ongeza kwa muda kwenye kanuni source yako mwenyewe, tuma tukio, uone kama simu inaita, kisha uiondoe.

Na Google Cloud?

Inaitwa Personalized Service Health. Washa API yake kwenye projekti, matukio yanaingia Cloud Logging, na aleti unaziseti Cloud Monitoring.

Sisi zilikuwa nyingi mpaka timu nzima ikazi-mute. Tufanyeje?

Zigaweni. Hitilafu inayoendelea kwenye kanda mnayotumia kwa wateja, hiyo iite simu ya aliye zamu, usiku au mchana. Matengenezo yaliyopangwa yasimwamshe mtu, yafungue tiketi yenye jina la mhusika na tarehe. Ushauri wa kawaida uende imeli ya kundi, sio ya mtu mmoja, manake akihama kazi anaondoka nayo. Ila ule wa usalama msiuchanganye humo, upeleke moja kwa moja kwa anayeshika usalama, na awe na msaidizi wa kuupokea akiwa likizo.