Hadithi yako ikishasambaa mtandaoni, bado ni yako?

Mkuu, umeuliza kama hadithi uliyoiweka kwenye blogu bado ni mali yako, na kama yule aliyeigeuza kuwa mchezo wa sauti ni mwizi. Nimeblogu miaka tisa, na mambo hayo mawili yamenikuta, tena kwa hadithi moja.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Hadithi ni yako tangu ulipoiandika. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulitiwa saini 1886, na marekebisho yake ya 1908 yakaondoa sharti la usajili. Ila kinacholindwa ni maneno yako, wazo halina mwenyewe. Mtu akitunga kisa kingine cha mvuvi aliyepotea baharini, hajakuibia.

Yangu ilikuwa ya mvuvi. Siku moja nikaikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine, neno kwa neno, pamoja na kosa langu la tahajia kwenye aya ya tatu, na juu yake jina lake. Watu wanampongeza. Niliumia sana. Niliiandikia kampuni inayohifadhi ukurasa ule, nikaambatanisha kiungo cha chapisho langu la mwanzo. Utaratibu huo unatokana na sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA, ndiyo maana kampuni nyingi za huko zina fomu ya malalamiko. Baada ya siku chache ukurasa ukaondolewa. (Tunza rasimu zako zenye tarehe, zitakufaa.)

Miaka miwili baadaye dada mmoja akaisoma hadithi ileile kwa sauti yake, akaitilia ngoma, na mwisho akaubadilisha. Mvuvi niliyemzamisha, yeye alimrudisha nyumbani, akamkuta mkewe ameshaolewa. Mwanzoni kabisa alinitaja jina. Ruhusa hakuniomba, na kisheria alipaswa kuomba, kwa kuwa kuigeuza kazi ya mtu kunahitaji kibali chake. Nikafungua fomu ya malalamiko, nikaanza kujaza. Kisha nikasikiliza tena. Mke wa mvuvi, ambaye mimi nilimpa sentensi mbili tu, kwake alikuwa mtu kamili, ana hasira na ana aibu. Nikaifunga fomu, nikamwandikia kumshukuru.

Kumbe mara ya kwanza kilichoniuma ni kufutwa jina. Nilidhani ni kule kunakiliwa. Hadithi za paukwa pakawa zilikuwa zikiongezwa chumvi na kila mtambaji, na aliyezianzisha hajulikani. Mtandaoni zinageuzwa vilevile, lakini kiungo kimoja kinatosha kumrudisha msikilizaji kwa mtunzi.

Tangu hapo machapisho yangu mengi nimeyawekea leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ambayo mtunzi anaitoa mapema kwa wote; leseni hizo zilitoka mara ya kwanza 2002. Yangu ni CC BY-SA: chukua, geuza, hata uuze, mradi unitaje na utakachokitoa ukiachie wengine kwa masharti hayohayo. Wikipedia nayo iliihamia 2009. Ipo NC inayozuia biashara, na ND inayozuia kusambaza kazi iliyogeuzwa. Fikiri kwanza lakini, maana aliyekwisha kuipata kazi chini ya leseni hiyo humnyang'anyi tena akitimiza masharti. Riwaya ninayoiandika sijaiwekea, hiyo nataka kuiuza.

Sasa huyo wa mchezo wa sauti, alikutaja? Kama hakukutaja, mwandikie yeye kwanza, umtake aweke jina lako na kiungo. Akikataa, fomu ipo. Kama alikutaja, usikilize mchezo wote ndipo uamue.