Pampu Hukaa kwa wa Mwisho

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Sikonge, kwenye benchi la fundi baiskeli, nasubiri gololi za gurudumu la nyuma zipakwe grisi. Wakasimama vijana watano waliotoka Tabora asubuhi, safari ya Mpanda. Baiskeli zinang'aa, mabegi yamefungwa vizuri kwenye keria, kelele nyingi. Nikafurahi. Halafu nikaangalia nani kabeba nini. Pampu tatu, zote kwa jamaa mmoja mwenye mapaja ya mcheza mpira. Yule mwembamba wa nyuma kapewa sufuria.

Soda ikanishinda.

Jamani, wadogo zangu, kila mwaka ni yale yale. Sasa nayaandika ili nisiwe nawafukuza watu barabarani kama mwendawazimu.

1. Nendeni kiangazi, Juni mpaka Agosti. Septemba na Oktoba jua la Unyamwezi halina adabu, na Novemba mvua ikianza ndiyo basi kwa mtu wa kulala kwenye hema.

2. Maji: mkiiacha Ipole, kijiji cha mbele baada ya Sikonge, msihesabu maduka. Kila penye kisima chenye watu, jaza, hata kama chupa imepungua kidogo tu.

3. Valvu iwe ya pikipiki. Zile nyembamba za baiskeli za mashindano ni maringo ya mjini. Kijijini pampu utakayoazimwa ni ya bodaboda.

4. Lami imefika, lakini basi la Mpanda halijui kwamba upo. Ukilisikia nyuma, shuka pembeni. Usibishane nalo.

5. Mbung'o. Wenyeji watakwambia ndorobo, ni yule yule. Anapenda kitu kinachotembea na anapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Halafu nyinyi mnakuja na mabegi meusi na fulana za bluu, kama mliomwandikia barua ya mwaliko. Vaeni kaki. Dawa za kupaka zinamchekesha tu. Shati jepesi anatoboa. Ukienda taratibu anakupanda mgongoni kama abiria wa daladala, ukikaza mwendo anabaki.

Na hapo kwenye kukaza mwendo ndipo nilipoharibu.

6. Ilikuwa 2014, enzi za vumbi na mchanga tifutifu, kabla ya lami. Tulikuwa wanne: mimi, rafiki zangu wawili wa tangu sekondari, na shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji alikuwa mgeni wa safari. Dada alinikabidhi kwa mdomo wake mwenyewe: "Nakupa mume wangu, unirudishie." Nikacheka. Mimi ndiye kiongozi, mimi ndiye najua njia, kwa hiyo pampu, viraka, solusheni na spana vikakaa kwangu. Chapati zote pia. Shemeji tulimpa sufuria na mchele kilo tatu.

Tumetoka Ipole alfajiri. Jua lilipopanda, mbung'o wakaamka. Kila mtu akafanya anachofanya kila mtu: akakanyaga. Mimi na wale wawili tukachomoka, na nilipogeuka nikamwona shemeji kwa mbali, anajipiga mgongoni kwa kofia. Nikapaza sauti, "Tukutane mbele!" Mbele wapi, sikusema. Yaani msitu wote ule wa miyombo, nikamwambia mtu mbele.

Tulisimama kwenye mto, tukawasha majani mabichi ili moshi ufukuze wadudu. Nusu saa. Saa nzima. Mmoja akasema huyo anapiga picha, tukacheka. Nikatoa chapati. Tukala zetu, tukaendelea kutazama njia, na mkono wangu ukarudi kwenye mfuko wenyewe. Nilikula chapati mbili za shemeji. Sisingizii njaa. Nilikuwa na uchovu na nilishaanza kumkasirikia kwa kuchelewa.

Saa nane mchana akatokea mzee mrina asali juu ya baiskeli ya Phoenix, madumu mawili kwenye keria, anatoka kule tulikotoka sisi. Tukamwamkia. Akaitikia, akasema kuna mtu anasukuma baiskeli huko nyuma, mwiba umemtoboa. Nikauliza umbali gani. "Si mbali." Mnajua "si mbali" ya Sikonge. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, bila kunituhumu: "Kwani mnasafiri pamoja?"

Nilikosa jibu. Mpaka leo nikilikumbuka lile swali nasikia joto masikioni.

Niligeuza. Nikamkuta saa kumi na kitu. Yule mzee alikuwa amemjazia nyasi ndani ya tairi, zikamsogeza kipande, zikasagika, akashuka kusukuma tena. Uso umevimba, jicho moja halifunguki. Maji yalikuwa yameisha muda mrefu, na mimi nilikuwa na nusu chupa. Alikunywa, akafuta mdomo, akauliza kama wenzetu wako salama. Sufuria ilikuwepo. Mchele ulikuwepo wote kilo tatu. Mimi ningeutupa kichakani kilomita ya pili.

Nilimzibia pancha kwa dakika kumi. Dakika kumi! Usiku akaupika ule mchele yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na sahani ya kwanza akanipa mimi. Hakuuliza chapati. Wale marafiki zangu ndio walioropoka, tena mbele ya dada, siku tuliporudi.

Kwa hiyo: anayechelewa ndiye anabeba pampu, viraka na solusheni. Mwenye mapaja abebe sufuria. Aliye mbele asimame kila anapoacha kumwona wa nyuma, na mbung'o wamle tu.

7. Mkifika kijiji cha kulala, kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti, hodi, majina, ndipo hema.

8. Mkitaka kuendelea Sumbawanga, njia inakata hifadhi ya Katavi. Pale Sitalike ongeeni na askari wa hifadhi kwanza, na kama watawaambia pakieni baiskeli kwenye gari, pakieni. Simba haoni aibu kumfukuza mtu aliyelipia baiskeli milioni tatu.

9. Asali nunueni wakati wa kurudi. Msiniulize mfuko wangu wa kulalia ulipatwa na nini.

Basi pale Sikonge niliinuka, nikachomoa pampu moja kwa mwenye mapaja na boksi la viraka, nikampa yule mwembamba. Sufuria nikaihamishia upande wa pili. Walinitazama kama mzee aliyepigwa na jua, wakasema shikamoo, wakaondoka. Hawajafika hata kwenye kona, mwembamba alishaachwa mita mia mbili. Alikuwa anaimba.